Siku ya Vitabu Kihanga

Mwalimu wa shule yetu alituambia wazi: siku ya vitabu ikipita bila watu kuazima, maktaba yetu itafungwa na vitabu virudishwe Bukoba. Basi tukaiandaa kama harusi. Tukatandaza nyasi mbichi sakafuni, tukawapa wageni kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama wageni wa nyumbani. Watu walijaa, wakavisifu vitabu, lakini hakuna aliyebeba hata kimoja.

"Chukua, baba, utarudisha," nilimsihi mzee mmoja.

Akacheka. "Binti, nitafune kahawa yako, kisha nitoke na kitu cha nyumbani mwako? Mimi mwizi?"

Kumbe tuliwakaribisha mno, wakajiona wageni wa nyumba ya mtu, si wasomaji wa maktaba. Nikaeleza mpaka koo likakauka; wakaaga kwa adabu, mikono mitupu. Jumatatu lori likavichukua vitabu. Wanangu wamekulia hapa bila kuona maktaba.