Waya Yenye Sikukunja

Apana, yaya, usikate. Najua unafanya vile juu ya mapendo, unataka kunificha nyuma ya mugongo yako, mais usikate. Unasema Baba amezeeka, unasema akisikia ile itamuua. Haitamuua. Iko kintu ingine njo inamuua, kila siku kidogo kidogo, na ile kintu ni minyi nilimubebesha.

Vile njo nilimujibia kaka yangu leo saa kumi na mbili ya mangaribi, mbele ya ordinateri yake ya okazio, kompyuta ya mukono wa pili yenye ilitoka Lubumbashi na treni, ndani ya guniya ya manguo juu isivunjike. Studio ya bantu masikini, ni ile tu. Yaya alikata kamba ya kaske ya zamani, ile ya kuvaa mu masikio, akaunganisha na kitundu ya radio yake, akafunga na skochi, na kaseti yangu ikaanza kuingia. Juu ya kioo, sauti inakuwa sawa majani: inapanda, inashuka. Nilimwambia mara tatu, juu niliogopa asikie yenye inafuata: "Wimbo ikiisha, simamisha." Hakusimamisha. Akasikia yote. Kisha akageuka, macho mekundu, akaniambia polepole:

"Mudogo wangu, hii si kaseti. Kaseti, ukikata na makasi, pale ulikata inajulikana. Apa nakata, ata alama haibakie. Baba atasikia Mama anaimba, basi."

Ata alama haibakie. Ile maneno njo ilinikasirisha.

Weye mwenye unasoma, kaa nikuelezee, juu siwezi kulala nayo tena.

Kwetu ilikuwa karibu na gare. Treni ikipita, masahani inacheza ndani ya kabati. Baba alikuwa mwalimu, na korali ya kanisa ilikuwa mukononi mwake. Tulikuwa na radio mbili, kubwa na kadogo. Mama anaimba wa kwanza, tunamukamata ndani ya kubwa. Kisha ile kaseti tunaiweka ndani ya kadogo, inaimba, na mwenye alto anaimba pamoja nayo, kubwa inakamata bote babili. Kisha tenor. Kisha Baba na basi yake, ile sauti ya chini. Kila mara tunarudilia, ile "shshsh" inaongezeka sawa mvula juu ya mabati, na sauti ya Mama, yenye ilitangulia, inazama chini kabisa. Baba alikuwa anamulilia: "Mama batoto, uimbe wa mwisho basi, tukusikie." Yeye anacheka: "Na bukari atapika nani, basi yako?"

Studio yetu ilikuwa depo ya mahindi. Maguniya inakula sauti, chumba haijibu. Mikro tulikuwa tunaitundika pale katikati, mais radio yenyewe inabakia salon, chumba ya bageni, juu moteri yake isilie ndani ya wimbo. Njo maana waya ilikuwa inatoka depo, inapita juu ya kamba ya manguo, inaingia na dirisha ya salon. Na minyi, mutoto ya myaka kumi, nilikuwa na kazi mbili: kufinya buto ya radio, na kukunja waya wakati Mama anamaliza. Baba alisema ile ya waya na kidole juu: isilale inje ata dakika moja. Tulikuwa ndani ya vita. Bantu balikuwa banafungwa juu ya antene ya televizio tu, banaambiwa ni ya phonie, ile radio ya kuongea na adui.

Ile siku ilikuwa likizo. Harufu ya samaki ya Kinkondja ilikuwa inatoka mu jiko, Mama alikuwa ameiloweka tangu asubui. Akaingia depo na unga mukononi, akaimba wimbo yote mara moja bila kukosea. Inje, bakobwa, batoto banamuke benzangu, balikuwa banacheza nzango, ule muchezo wa kuruka na kupiga mikono, pa lupango ya jirani, unasikia miguu na mikono, pa! pa-pa! na minyi damu ilikuwa inaruka. Niliogopa zamu yangu ipite.

Sasa sikia vile iko ndani ya kaseti. Mama anamaliza. Anakohoa kidogo. Anasema: "Zima, kisha kunja waya." Na mbali, na dirisha, sauti yangu: "Nitakunja nyuma, Mama!" Nyuma ya muchezo, njo nilitaka kusema. Kisha miguu yangu, mbio.

Sikukunja. Na haraka ile, sikuzima ata radio.

Njo maana kaseti ilibakia inazunguka, yeye peke yake, ndani ya salon. Ilikamata bintu yenye hakuna muntu mwenye atafikiria kukamata. Kinu ya jirani. Kuku. Treni inapiga mungurumo. Mama anaimba kidogo kidogo ndani ya jiko, haimbi kwa Mungu wala kwa korali, anaimbia samaki. Na mbali, nzango, na bakobwa banacheka, na mumoja mwenye anacheka sana kuliko bengine, ule ni minyi.

Kisha mabuti.

Balikuwa ba soda, baaskari benye balikuwa banakimbia, banatafuta treni, na njaa, na hasira. Mumoja aliona waya. "Phonie! Beko na phonie! Ule njo anaongea na adui!" Unasikia mulango ya depo inavunjika. Unasikia Baba, mwenye alikimbilia pale: "Bakubwa, ni mikro, ni ya kanisa." Kisha kitako ya bunduki. Nilikuwa sijue mbele kama mufupa ya muntu iko na sauti. Iko nayo. Ni kavu, sawa kuni. Balimupiga kinywa, balimupiga mbavu, na kila mara banauliza phonie iko wapi, na yeye hana tena kinywa ya kujibia.

Mama alitoka mu jiko. Sauti yake iko mbali ya mikro, mais inasikilika.

"Mwanangu, hatuna phonie. Ni wimbo tunakamata."

"Wimbo? Imba basi, tusikie."

Na aliimba. Ile wimbo moja, ya dakika kidogo zenye zilipita. Sauti inatetemeka, mais haikutoka njiani. Mumoja alicheka. Mama alifika pa mustari wa pili, na risasi ikalia. Moja tu. Kisha bunduki ikalia tena mara mbili, juu, sawa ya kucheza, na soda mwenye alikuwa salon akavuta waya na nguvu. Kaseti inaishia pale.

Minyi nilikuwa chini ya meza ya jirani yetu, muchuuzi wa Maniema, kati ya mafurushi ya vitenge. Mukono yake juu ya kinywa yangu, anasema dua mu sikio yangu. Wakati balienda, ni yeye alimutia Mama juu ya kinga yake, ile baisikeli ya biashara, akaisukuma mbio na njia ya hospitali, kanzu yake nyeupe inakuwa nyekundu. Hakufika naye muzima. Radio zote mbili balibeba. Kaseti balitupa mu mahindi, na minyi nikaiokota.

Yaya alikuwa amebakia Lubumbashi kwa masomo, ata likizo hakurudia. Hakuona kintu.

Siku ya maziko, Baba alisimama na kitambaa imefungwa mu taya, akaambia kanisa yote, na maneno yenye haikusikilika muzuri: "Minyi njo niliacha waya inje. Nilisahau kuangalia." Nilikuwa kando yake. Nilishika shati yake. Nilinyamaza. Basi nikanyamaza tena siku yenye ilifuata, na ile ingine, mpaka kunyamaza kukakuwa sawa nguo yangu. Yeye hakuimba tena. Korali balimuita, alikataa. Na leo akipita chini ya kamba ya manguo, anainamisha kichwa, ata kama iko juu.

Lupango yetu, nyumba na kiwanja, tuliuzisha. Depo ilianguka. Nzango, bakobwa ba leo bangali banacheza, mais hakuna tena mwenye anapanga maguniya ya mahindi juu aimbe katikati yake. Ordinateri haitake maguniya. Inapokea sauti ine, kumi, na hakuna yenye inazama. Ni muzuri, sibishane. Mama ndani ya ile kaseti ni safi, juu hakuna sauti ingine ilikamatwa juu yake, ni yeye peke yake. Ukikata palepale wimbo inaisha, itakuwa wimbo ya muzuri sana, na ya uongo.

Kaseti niko nayo mu mufuko, yaya. Ukikata usiku, nitaiingiza tena.

Kesho asubui, mbele Baba hajamaliza chai yake, nitamukamata mukono, nitamuleta apa, nitamukalisha karibu ya bafle, pale sauti inatokea. Nitafinya buto minyi mwenyewe. Na wakati itafika pa "nitakunja nyuma, Mama," sitakimbia inje.