Mirija Miwili ya Uji

Siku ile nilikuwa nimemkasirikia mdogo wangu Kahindi kwa sababu ya foleni. Alikuwa akiendesha mashine ya kusaga mahindi pale senta ya Adu, nami nilitoka nyumbani asubuhi na debe langu kichwani nikijua nikifika atanisagia kwanza. Hakunisagia. "Dada, simama nyuma ya wenzio," alisema, tena kwa sauti ya kusikika na watu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, ameota ndevu juzi, na alijua vizuri kwamba wasichana wa foleni wanamtazama. Nikasimama nyuma, nimenuna.

Habari za watu wenye bunduki tulikuwa tumeshazizoea. Katika miaka ile ya themanini walitoka maporini upande wa kaskazini, wakavamia magari ya barabara ya Garsen na kuchukua mbuzi za watu. Wanajeshi walikuja, wakapiga kambi karibu na shule wiki tatu, wakahamia mbele. Mama yetu alifunga nguo zetu katika bunda moja akaliweka karibu na mlango. Baba, ambaye alikuwa mgema, aliendelea kupanda minazi yake. Alisema akiwa kule juu atawaona kabla hawajamwona. Mtu hawezi kuogopa kutwa nzima, anachoka. Mahindi nayo lazima yasagwe.

Mashine ile ilikuwa na kelele kiasi kwamba ukiwa ndani husikii hata jina lako. Tulizungumza kwa mikono na macho. Nilikuwa wa tatu kutoka mbele nilipomwona mwanamke aliyenitangulia, aliyekuwa ameuelekea mlango, akitua debe lake chini na kukimbia. Nilimcheka moyoni. Nilidhani amekumbuka chungu alichokiacha motoni.

Nikasogea kwenye nafasi yake.

Wanaume wawili waliingia. Mmoja alishika bunduki, mwingine gunia tupu.

Midomo yao ilicheza. Hatukusikia neno.

Kahindi alikuwa amewapa mgongo. Alipogeuka akawaona, alinyoosha mkono kuizima mashine, apate kusikia wanataka nini. Hivyo ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Mwenye bunduki aliamini vingine.

Hata mlio sikuusikia vizuri. Niliona unga ukiruka.

Nililala nyuma ya magunia. Mashine iliendelea kuzunguka bila mahindi, ikilia kwa ukali zaidi. Walijaza gunia lao unga, wakachukua kisanduku cha fedha, wakatoka kama wateja wengine.

Mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa mbele yangu, hakuinuka tena.

Kahindi alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, macho wazi. Chini ya pua yake sikuona kitu nilichokijua. Nilivua leso niliyojitanda, nikaikunja, nikamshikia pale. Nilitaka kumlaza chali. Alikataa. Aliinama mbele kwa nguvu, akaniminya mkono, damu ikamwagika nje badala ya kumziba pumzi. Angenisikiliza mimi, angekufa mikononi mwangu.

Lori la jeshi lilitufikisha Malindi, na kutoka Malindi alipelekwa hospitali kubwa ya Mombasa, akakaa miezi minne. Wiki ile ile wazazi wetu walilitwaa lile bunda la mlangoni wakahama Adu. Tulikimbilia Bofa, nje ya Kilifi, kwa shangazi yetu, dada yake Baba, ambaye alitupa nyumba ya uani yenye vyumba viwili. Baba akapata minazi ya watu ya kugema. Sisi wengine tulipata kazi ya kumsubiri Kahindi.

Aliporudi, nilikuwa nimejiandaa. Nilijiambia sitashtuka. Nilishtuka. Sehemu ya mfupa wa taya ilikuwa imeondolewa, mdomo wa chini umeshonwa ukavutwa upande mmoja, na meno yaliyobaki yamefungwa kwa waya, ya juu na ya chini pamoja, ili mfupa ushike. Alikuwa anapumua kwa pua na kunywa kwa mrija kupitia pengo la meno. Kusema hakuweza. Alikuwa na daftari la shule na kalamu. Mama alimpokea vizuri kuliko sote, alimshika kichwa akambusu juu ya nywele. Baba alimpa mkono huku akitazama paa.

Nesi alikuwa amemweleza Mama kwamba vyombo vya mgonjwa vichemshwe na viwe safi wakati wote, maana kidonda kikiingia uchafu kitaoza. Mama hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Alinunua kikombe cha bati cha buluu, bakuli na kijiko, akaviweka kwenye rafu yake peke yake na kitambaa juu. Watoto wa shangazi walionywa wasiviguse. Wakati wa kula alipelekewa uji wake chumbani na pazia likateremshwa, watu wasione unavyomchuruzika kidevuni. Sisi tulikaa uani kuzunguka sinia moja la sima, kama tulivyokula siku zote. Tuliona tunamsitiri. Mimi ndiye niliyelishona lile pazia, na nililitia ua.

Wiki ya pili alianza kurudisha uji nusu. Ya tatu akaurudisha wote. Mama alitia maziwa, akatia sukari, akatia tui la nazi, akamwomba, akamkaripia. Kahindi aligeukia ukutani. Mbavu zake zilihesabika. Siku ya pili bila kunywa kitu, Mama alipomwinamia na kile kikombe cha buluu, Kahindi alichukua daftari akaandika neno moja na alama ya kuuliza, akampa. Mama hakujua kusoma. Aliniletea mimi jikoni.

Aliandika: Ukoma?

Nilikaa chini. Kwetu, mtu aliyekuwa akitengewa kikombe, bakuli na mahali pake pa kulia alikuwa mwenye ukoma. Kila mtoto wa Adu alilijua hilo, sisi wenyewe tulilijua, na bado tulimfanyia hivyo mtu wetu kwa mikono yetu, tena kwa upendo. Nilipomsomea Mama, alijifunika uso kwa leso. Nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa huruma.

Baba alisikia. Alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake cha kugemea kiunoni. Akageuka, akatoka.

Kesho yake saa kumi alasiri, wakati ambao wanaume wa jirani walikuwa wakija kunywa mnazi, ile tembo aliyoigema, kwake, aliwaambia leo hakuna. Alichukua mboko, kile kibuyu ambacho wanaume wetu hukizunguka, kila mtu na mrija wake. Akakisuuza kwa maji ya moto mara tatu. Akakijaza uji.

"Baba Kahindi, nesi alisema vyombo vyake—" Mama alianza.

"Alisema viwe safi," Baba alimkata. "Nimekisafisha. Hakusema mwanangu anywe peke yake."

Alikiweka kati ya vigoda viwili, uani, mahali pa wanaume. Akalifunga pazia langu juu kwa fundo. "Kahindi," aliita. "Njoo tunywe."

Kahindi hakutoka.

Baba akatumbukiza mrija wake akavuta. Sasa, mrija wa mnazi una kichujio cha nyuzi mwishoni, kazi yake ni kuzuia takataka. Uji wa Mama ulikuwa mzito. Baba alivuta, mashavu yakaingia ndani, mishipa ya shingo ikasimama, hakikupanda kitu. Akavuta tena mpaka macho yakamtoka. Shangazi aliyekuwa akikuna nazi aliacha mbuzi akamkodolea macho ndugu yake.

"Mnazi wa mwanangu mkali," Baba alisema akihema. "Sijui anauwezaje."

Kutoka chumbani kulisikika sauti ya puani, fupi. Tangu arudi hatukuwa tumeisikia. Nilikawia kuelewa kwamba ni kicheko.

Alitoka akishikilia ukuta. Alikaa kwenye kigoda. Akamnyang'anya Baba ule mrija, akautazama, akautupa, akaniashiria nikakate mabua ya majani ya mpapai. Nilikata mawili. Walikunywa wakiwa wameinamisha vichwa karibu kugusana, na uji ukawachuruzika wote wawili videvuni. Hapo ndipo Baba alipomtazama usoni, nikaona anamtazama kweli, kidonda kizima, bila haraka.

Tangu siku ile kila alasiri walikunywa hivyo. Wanaume wa mnazi walirudi, wakakaa na wao, wengine na mnazi, wawili hawa na uji. Walimtania Kahindi kuwa ameokoka. Alianza kunenepa.

Waya ulipotolewa, mfupa ulikuwa umeshika, lakini umeshika vibaya. Meno hayakukutana tena. Maneno yanayohitaji midomo miwili yalimpotea, na wazazi wake akawaita kwa sauti ambayo wageni hawakuielewa. Posa tuliyokuwa tumeipeleka kabla ya risasi, wazazi wa msichana waliirudisha kwa heshima. Hakukubali kupigwa picha ila ile ya kitambulisho. Shamba la Adu hatukulirudia. Majirani waliorudi kule walikuta msitu. Alijifunza kutengeneza baiskeli Kilifi, akawa fundi hodari, na akafa mtu mzima, kwa maradhi ya kawaida, bila kupata mtoto. Waliompiga risasi hawakujulikana.

Siku ya kwanza aliyokula sima na sisi, alifinyanga tonge dogo akalitafuna upande mmoja, pole pole, jasho likimtoka. Sisi tulikuwa tumeshakwenda tonge la nne. Mama alitutupia jicho mara moja tu. Tukapunguza mwendo, kila mtu akilichezea tonge lake mkononi, ili sinia lisiishe kabla yake. Siku iliyofuata tukafanya vile vile, na iliyofuata, miaka yote aliyoishi.

Juzi binti yangu aliniletea mchumba wake, kijana wa bara, akala na sisi. Alimaliza upande wake wa sinia akabaki kutushangaa, wakubwa na wajukuu, matonge yakienda moja moja. Aliuliza kwa adabu kama chakula ni cha moto sana. Wajukuu wakanitazama mimi, kwa sababu hata wao hawajui kwa nini.