Babu Aliyeacha Mke Ng'ambo

Kila Jumamosi, theluji iwepo isiwepo, nilimfuata baba mkwe wangu nyumbani kwake Golden Valley, huku Amerika, nikampeleka maktaba huko Saint Paul. Mzee alikuwa anamsaka babu wa mababu zake, Mwingereza aliyehamia Amerika ilipokuwa bado koloni. Ukutani sebuleni alikuwa amechora mti mzima wa ukoo. Mke wangu alikuwamo. Pembeni yake, mahali pangu, palikuwa patupu. Kila nilipouliza alinijibu, "Tumpate babu kwanza, kisha nitawajaza wote waliobaki."

Basi nikawa dereva. Nilichoka, sifichi. Kwetu Tanga, ukitaka kujua babu alitoka wapi unamuuliza shangazi, naye anakujibu huku anachambua mchele. Huyu wa mzee tulihangaika naye muda wote huo tukaambulia jina la meli na shamba alikofanya kibarua. Mvumilivu hula mbivu, nikajipa moyo.

Jumamosi moja tulikuwa kwake tunakunywa kahawa, mke wangu anaosha vyombo jikoni, simu ikalia, mzee akaipokea kwa spika. Alikuwa mwanamke wa Uingereza aliyeona tangazo la mzee mtandaoni. Naye ni wa ukoo wa babu yule yule. Babu, alisema, aliacha mke na watoto kijijini, akaahidi kuwaita, asiwaite. Huku Amerika akaoa mwingine, na kwa mke huyo wa pili ndiko alikotoka baba mkwe.

Mzee akaiweka simu chini, uso umemshuka. Mimi, mjinga mimi, nikainuka kumpa mkono. "Hongera, mzee! Umepata ndugu wa nyumba kubwa!" Kwetu, siku ya kugundua watoto wa mke wa kwanza wa babu, kuku angechinjwa na safari ya kwenda kuwasalimu ingepangwa. Yeye mkono wangu hakuupokea.

Aliutazama mti ukutani, kisha akanitazama mimi, kwa makini ambayo sikuwahi kuipata kwake tangu nimuoe binti yake.

"Na wewe," akauliza, "kule kwenu uliacha nani?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilimwacha mama yangu, basi, na jambo hilo nyumba nzima ililijua. Nikafungua kinywa nimwambie hivyo.

Jikoni bomba likafungwa. Mke wangu naye alikuwa anasubiri jibu.