Mama Alivyofika Olimpiki

Jamani, leo nimeuunga mkono uongo pale sokoni Darajani!

Tungule, yaani nyanya, ilidondoka kwenye fungu, nikamrushia muuzaji kwa mkono wa kushoto. Bi mkubwa yule akaidaka, akanitazama.

"We mtoto wa Asha! Mkono wa kushoto kama huo, wa mama yako, ndio ulionifunga mpaka nikaacha ukipa wa mpira wa mikono!"

Akawageukia wateja. "Mama yake kacheza Olimpiki huyu!"

Hakucheza. Aliichezea Unguja tu, na kila akisifiwa hivyo alikanusha huku anacheka.

Nikataka kusahihisha. Lakini tangu tumzike, watu wananitajia jina lake kwa kunong'ona. Huyu alilitaja kwa kelele, kwa furaha.

"Naam," nikasema. "Alicheza."

Nisamehe, mama.

Mliomwona akirusha, nisimulieni. Leo naamini lolote.