Mama Alipofungua Maonyesho kwa Maombi

Mama hakuwa na shida na rangi, shida yake ilikuwa kuta. Nilianzia sokoni kwetu Githongo, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga mahindi, nikachora ng'ombe aliyevaa miwani ya jua. Soko zima lilicheka, hata mwenye mashine. Mama alipita kama hajaona kitu. Nilipohamia Embu, watu wakimuuliza binti yake anafanya nini siku hizi, alijibu, "Ako kazi Embu," halafu akageuza maneno yakawa ya kahawa.

Kazi yenyewe ilikuwa kupamba vibanda vya vinyozi. Kulikuwa na vijana wa skeitibodi, zile mbao zenye magurudumu, waliokuwa wakiteleza sokoni Jumapili, wenye meza za biashara wakiwa kanisani. Mbao zao zilivunjika kila mara, nao wakaniletea vipande nichore. Nilichora mabibi wa kwetu wakiteleza mlimani na mizigo ya kuni mgongoni. Picha zikazunguka kwenye simu mpaka zikafika jumba moja la sanaa Nairobi. Mwenye jumba akasema tuzionyeshe Embu kwanza, kisha tuzipeleke kwake.

Nikamwalika mama. Nilitaka kitu kimoja tu: aseme kwa mdomo wake, watu wakisikia, kwamba mimi ni mchoraji. Alisema ataona.

Alikuja, kitambaa cha kanisa kichwani, kiondo kimejaa viazi kutoka Kibirichia, maana haendi kwa watu mikono mitupu. Akakuta wageni wameshashika glasi za juisi, wanacheka. Akasimama mlangoni mwa ukumbi.

"Mmeanza na hamjaomba?"

Kwetu hata kikao cha kununua mbuzi hufunguliwa kwa maombi, na mimi, mtoto wa kanisa, nilikuwa nimesahau! Mwenye jumba akaanza kupekua ratiba yake. Mama hakumngoja. Aliweka kiondo chini, akafumba macho. Vijana wakavua kofia, wakakumbatia skeitibodi zao vifuani. Aliomba kwa Kiswahili ili wageni wa Nairobi wasiachwe nje.

"Mungu Baba, unajua hii msichana. Nimekuwa nikiambia watu ako kazi Embu. Hata wewe nimekuwa nikikuambia hivyo hivyo."

Mtu akakohoa. Nilijua ni kicheko.

"Leo nakuambia wazi. Ni mchoraji. Anachora ukuta, anachora hizi mbao za watoto kuteleza. Hao watoto uwashike wasivunjike miguu. Na yeye ukimfungulia Nairobi, Baba, asiende na hiyo suruali imeraruka magoti."

Ukumbi ukaangua kicheko, naye akaendelea kana kwamba hakusikia. Alikuwa bado na wagonjwa, mvua na serikali ya kuombea. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kwa furaha, na nikasema amina kabla hajamaliza.