Nilitakiwa kumuulizia mposaji wa mdogo wangu, na siri yake ninayo mimi

Admin, nifiche jina vizuri, maana Unguja hii mtu akipiga chafya Malindi, Kikwajuni wanamuombea dua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, wakili, ofisi yangu chumba kimoja Mji Mkongwe. Nshachoka na kazi hii! Harusini nnaulizwa mambo ya talaka, msibani nnapewa hati nisome, nikinyamaza naambiwa najidai. Hayo nshazoea. Hili la sasa limenishinda.

Miezi miwili nyuma alinijia kijana mtanashati, ananukia udi. Ana mke shamba, hajamuacha wala hamtazami, na huyo mke kajifungua. Akataka nimsaidie kumkana mtoto. Nikamuuliza, "Una shaka naye?" Akanijibu, "Sina. Nataka tu kuanza maisha upya." Kesi yake nikaikataa.

Wiki iliyopita ikaja posa ya mdogo wangu. Mama akanionesha picha kwenye simu. Ni yeye! Na wazee wake wamesema hajawahi kuoa. Kwetu posa haijibiwi mpaka mtu atumwe akamuulizie mposaji. Baba akasema, "Atakwenda wakili wetu, huyu hadanganywi."

Wallahi nilitaka kulia. Nnayoyajua kanambia alipokuja kwangu kama mteja, na siri hiyo inanifunga hata kama kesi niliikataa; nikiyatoa nanyang'anywa leseni. Nikasema, "Baba, mtume mwengine." Mama akanijia juu: "Una kijicho na mdogo wako kwa sababu wewe hujaolewa!" Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Nikampigia yule bwana, nikamtaka ajitoe mwenyewe. Akacheka! "Dada wakili, siri ya mteja ni amana. Au mmefundishwa vyengine?"

Basi akatumwa mjomba. Kauliza hapa hapa mjini, karudi na sifa tele, eti msikitini hakosi. Shamba hakwenda, na mimi siwezi hata kumwambia aende. Jana mdogo wangu kaniuliza, "Dada, nikubali?" Nikamwambia amuulize mama. Akanikumbatia, akidhani nimeridhia.

Jibu linatolewa Ijumaa baada ya sala. Sheria naijua, msinisomeshe. Nambieni nyinyi wenye ndugu: ningekuwa dada yenu, mngetaka ninyamaze?

Na wewe bibi wa shamba uliyetelekezwa pamoja na kichanga chako, kama unasoma hapa, mumeo anaposa mjini. Mimi nimefungwa mdomo. Wewe hukufungwa.