Spika ya Kulia

Nilikuwa fundi redio mjini Shinyanga, na kama mafundi wengi wa miaka ile ya themanini nilikuwa na maringo mengi kuliko vifaa. Betri zilikuwa za shida, risasi ya kuungia waya niliitafuta kama dawa, lakini kibandani kwangu sikukubali kushindwa na kitu chochote chenye waya. Mteja akileta redio bubu nilianza kumjibu kabla hajamaliza kueleza. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu, na nautaja mapema kwa sababu ndio ulioleta haya ninayoyaandika.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Alipeleka chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, akipitia Kahama na Ushirombo, na alirudi amebeba magunia ya mahindi na abiria juu ya magunia. Mama yake, bibi yangu, aliishi kando ya barabara hiyo, kabla hujafika Ushirombo. Wakati wa kwenda baba alisimama kwake, akamwachia sukari. Wakati wa kurudi hakusimama, kwa kuwa abiria walikuwa na haraka na tajiri alikuwa mkali. Alipunguza mwendo tu, akapiga honi tatu, akapita.

Nyumba haikuonekana kutoka barabarani. Ilikuwa nyuma ya shamba la mahindi na ua wa minyaa. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwa bibi kila likizo, na honi zile nilizisikia nikiwa upande wake. Bibi aliacha mwiko ndani ya chungu, akatoka uani mbio na kupaza sauti: "Nakusikia, baba! Pita salama!" Alimwita mwanawe baba, kama akina mama wengi wa kwetu. Kisha alirudi jikoni akicheka peke yake.

Siku moja baba alikuja kibandani na amplifaya imeviringishwa kwenye gunia. Alikuwa amezawadiwa na dalali mmoja wa machimboni ambaye alizoea kumpakia. Lori lilikuwa tayari na redio ya kaseti na amplifaya moja ndogo chini ya kiti, ikilisha spika mbili zilizobanwa pamoja upande wa kushoto wa dashibodi. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi mwingine, na sikuwahi kuitazama bila kuisema vibaya.

"Mwanangu, niunganishie na hii," baba alisema. "Mayu anakohoa sana siku hizi. Nataka niwe nasikia ledio vizuri. Niwekee spika ya kulia."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu. Neno hilo nililisikia, lakini sikulishika. Nilichoshika ni spika ya kulia. Spika hulia, honi hulia, na miaka ile madereva wa machimboni walikuwa wanashindana nani gari lake linalia zaidi. Haikunipitia akilini kwamba baba alikuwa anataja mkono.

"Italia mpaka Kahama wasikie," nikamjibu.

Baba akatabasamu, akatikisa kichwa polepole. Tabasamu hilo alikuwa nalo kwa maneno mengi, nami niliamini ni upole wa uzee.

Niliifanya kazi ile siku mbili. Sikutaka kudandia waya wa amplifaya ya kwanza, maana ulikuwa mwembamba na ungechemka. Nilivuta waya mwingine mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikauwekea fyuzi yake, nikaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini na kuuvika mpira usichubuke. Waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, niliufunga kwenye chesisi baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Waya za sauti kutoka kwenye redio nilizigawa mara mbili na kuzipitisha upande mwingine kabisa, zisiokote mlio wa injini. Kisha nikafunga spika mbili za tarumbeta, kama zile za mikutano ya hadhara, nyuma ya kibini, midomo ikiwaelekea abiria. Nilipoiwasha, watu walitoka madukani kuja kuona. Kama fundi, sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile.

Baba alizunguka lori mara moja. Aliupapasa mlango wa dereva kwa ndani, pale mkono wake wa kulia ulipozoea kuegemea, kisha akanyanyua macho kuzitazama tarumbeta. Mafundi wenzangu walikuwa wamesimama pale wakinipongeza.

"Umefanya kazi kubwa, mwanangu," alisema, akapanda gari akaondoka.

Wiki mbili baadaye, jioni, nilikuwa nimeinamia redio ya mteja wakati wa matangazo ya vifo. Hakukuwa na simu vijijini kwetu. Mtu akifariki, familia ilituma majina redioni, na waliokuwa mbali walijua hapo msiba ni wao. Likasomwa jina la bibi yangu. Yakafuata majina ya wanaopewa taarifa, na la kwanza lilikuwa la baba, lile alilopewa alipozaliwa, "popote pale alipo." Maziko yalikuwa kesho yake alasiri.

Nililia, sifichi. Lakini nilipomaliza kulia nilimwambia mke wangu, "Afadhali baba ameshasikia. Kwa spika zile, machimbo mazima yamesikia." Naona aibu kuandika kwamba hata siku ile nilipata nafasi ya kujisifu.

Kulipokucha nilipanda basi. Nilifika msibani saa saba nikitegemea kuliona lori la baba chini ya mti, lakini halikuwepo. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alinishika mikono akauliza yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani, amesikia, nina hakika. Kwa neno langu wazee wakakubali kusubiri. Tulisubiri hadi jua likaanza kushuka, kila mvumo wa gari ukitugeuza shingo. Mwishowe wazee walisema mwili hauwezi kulala tena, nasi tukampeleka bibi kaburini, nyuma ya nyumba.

Tulikuwa tunarudishia udongo niliposikia muziki kwa mbali. Nilizitambua tarumbeta zangu kabla sijautambua mlio wa injini. Lori lilikuwa linatoka upande wa Ushirombo, linakwenda Kahama. Lilipofika usawa wetu likapunguza mwendo.

Honi zikalia tatu.

Watu wote pale kaburini waliacha walichokuwa wanafanya. Shangazi akakaa chini kwenye udongo. Mimi nilitupa jembe, nikakimbia katikati ya mahindi, majani yakinichana uso, nikatokea barabarani upande wa kushoto wa lori likiwa ndiyo kwanza linaongeza mwendo. Nilikimbia sambamba na mlango wa kushoto, ambao kioo chake kilikuwa wazi. Niliita "Baba! Baba!" kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Kutoka pale nilipo mpaka kwake hakukuwa na hatua nne. Alikuwa ametazama mbele, ametulia, na hakugeuka. Abiria juu ya magunia walinipungia mikono, wakidhani nimefurahia muziki. Vumbi likanifunika, na nikabaki nimesimama pale mpaka kelele za kazi yangu mwenyewe zilipopotea.

Baba alipewa habari Kahama na mtu wa kijijini aliyekutana naye kituo cha mafuta. Alirudi asubuhi iliyofuata kwa gari la watu wengine, akaenda moja kwa moja kaburini, akasimama huko peke yake. Mimi nilibaki uani na shangazi. Nilikuwa na hasira, na nikaitoa: nilimwita baba nikiwa karibu naye kuliko hapa na mlangoni, hata hakugeuka.

"Ulikuwa upande gani?" shangazi aliuliza.

"Wa kushoto."

"Kwani hujui? Sikio lake la kushoto lilikufa kabla wewe hujazaliwa. Baruti ililipuka kwenye shimo la wachimbaji, akatoka damu. Anaficha, tajiri asimnyang'anye usukani. Anasikia kwa la kulia tu."

La kulia. Nilikaa kwenye kigoda cha bibi. Mzee wa watu aliniomba spika moja, hata ndogo, mlangoni karibu na sikio lake zima, asikie mama yake akitangazwa. Mimi nikampa mbili za kuwafurahisha abiria. Na nilipomjibu kwa majigambo hakusikia nilichosema, akatabasamu.

Baadaye nilikutana na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa juu ya magunia jioni ile tangazo lilipotoka. Walilisikia vizuri sana, alisema. "Tukamwonea huruma huyo mtu, tukasema Mungu amfikishie habari popote alipo." Wao dereva walimjua kwa jina la Baba na jina langu nyuma yake. Lile la redioni hawakuwahi kulisikia.

Baba alileta lori kibandani baada ya arobaini. Sikumuuliza anataka nini. Niling'oa tarumbeta zote mbili, nikatoboa mlango wa dereva, nikafunga spika moja ndogo usawa wa bega lake la kulia na kuivutia waya kutoka kwenye amplifaya ya pili. Alikaa kwenye usukani, nami nikasimama nje ya mlango huo huo. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Aliyasikiliza yote, majina ya watu tusiowajua, wa mikoa ambayo hatujafika, mpaka la mwisho. Kisha akazima redio.

"Inasikika," alisema.

Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akawahi kusema, akiwa ametazama mbele kama vile yuko safarini.

"Wewe ulikuwa unashinda kule likizo. Nilipokuwa napita nikipiga honi, mayu alikuwa anasikia?"

Nyumba ile, ukitoka Ushirombo, iko upande wa kushoto. Miaka yote ile alikuwa anapiga honi kwa mtu ambaye hakuwahi kumsikia akiitika.

Nikainamia dirishani, karibu kabisa na sikio lake la kulia. "Alikuwa anatoka mbio uani," nikamwambia. "Anasema, 'Nakusikia, baba! Pita salama!' Kila mara."

Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. Alisogeza kichwa karibu zaidi na dirisha.

"Sema tena," akaniambia.